Bango la Masanja

Kwanza, itoeni hiyo meza mbele ya banda. Juzi nilipita kwenye viwanja vya maonesho ya wakulima hapa Tabora, nikiwa mgeni kama wageni wengine, nikawaona mmejipanga nyuma ya meza kama makarani wa kugawa namba hospitalini. Mgeni upande wake, ninyi upande wenu. Meza ni ukuta, wanangu. Isukumeni pembeni, mziweke hizo karatasi zenu juu yake, na mbele wekeni benchi. Liwe benchi la kuegemea. Huyo anayekuja kwenu ameamka alfajiri huko Sikonge, amepanda baiskeli mpaka barabarani, amesimama kwenye basi, na sasa anazunguka juani na kiatu kinambana. Mkalisheni. Mtu akikaa ndipo anapokumbuka shida iliyomtoa nyumbani.

Mimi ni Mwajuma. Mtaani kwetu Kanyenye wananiita Bi Mwaju wa Mashine, jina lililomkera sana marehemu mume wangu, kwa sababu watu walidhani tuna mashine ya kusaga na walikuja kukopa unga. Mashine zenyewe zilikuwa za kubangua karanga, zile za kuzungusha kwa mkono. Zinatengenezwa kwenye karakana ya Bwana Salumu, kule karibu na reli. Niliingia pale nikiwa msichana wa kupaka rangi, nikatoka magoti yalipokataa kazi. Katikati hapo, kwa miaka mingi, nilikuwa mtu wa banda. Msimu wa maonesho ukifika tunapakia mashine kwenye lori, tunakwenda kusimama uwanjani wiki nzima, tunazungusha mpini na kumwaga karanga mbele ya watu.

Sikuzaliwa najua kusema na wageni. Siku yangu ya kwanza bandani alikuja mwanamume mmoja, akasimama kivulini kwetu. Nikamshukia. Nikamweleza chuma tulichotumia, nikamweleza jinsi ya kupaka grisi, nikazungusha mpini mpaka bega likauma. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Nilipomuuliza anachukua ngapi, akanijibu, "Hongera dada, unajua kueleza. Ila mimi ni mlinzi wa banda la jirani. Kwetu jua linaingia."

Aliyekuwa amekaa nyuma yangu akicheka ni Mzee Mihambo, fundi mkuu wa karakana, Mnyamwezi wa Sikonge, na ndiye aliyenifundisha kazi. Alipenda maonesho kwa sababu moja isiyofichika: karanga za kuonesha zilikuwa za bure, naye alizila mpaka mchana zikawa hazitoshi.

"Mwaju," akaniambia, "umemuuliza katoka wapi?"

"Hapana."

"Umemuuliza jina?"

"Hapana, mzee."

"Basi ulikuwa unaongea na shati."

Babu yake Mzee Mihambo alikuwa mpagazi enzi za misafara. Alibeba mizigo kutoka huku mpaka pwani na kurudi. Kwa hiyo mzee alijiona ana haki ya kuusemea mji huu. Alisema Tabora ilikuzwa na watu wanaopita. Mpagazi akifika na mzigo begani, hakuna aliyemuuliza kabeba nini. Alipewa maji, akaulizwa habari za njiani, mvua zikoje, nani kaumwa, nani hakurudi. Mzigo ulifunguliwa watu wakishajuana. "Sisi tumegeuza," alisema huku akitafuna. "Tunauliza mzigo kwanza."

Nakumbuka mama mmoja wa Ulyankulu, wa zile familia zilizotoka Burundi zamani, alikuja na karanga zake mwenyewe zimefungwa kwenye kitenge. Hili nalo mliige: mwacheni mgeni ajaribu kwa mazao yake, siyo kwa yale mliyoyachagua ninyi. Tulizimwaga karanga zake kwenye mashine, zikatoka zimepondeka nusu. Zilikuwa ndogo, za mbegu nyingine. Mimi nikaanza kusema kwamba labda hazijakauka vizuri. Mzee Mihambo akanikatiza. "Mama, usinunue hii. Mashine yetu haijazijua karanga zako. Rudi nazo nyumbani, na mimi nibakishie kiganja kimoja nikazijaribie." Akabakishiwa, na kwa mara ya kwanza hakuzila. Yule mama hakununua mashine kwetu, si mwaka ule wala baadaye. Lakini kila maonesho alipita kutusalimia, na mwaka Mzee Mihambo alipokuwa hayupo tena duniani, alikaa kwenye benchi letu akalia kama mtu wa ukoo. Ndiyo hivyo. Mzee mwenyewe hakumuuzia mama yule kitu, na sidhani kama aliwahi kulifikiria.

Sasa nataka niwaeleze habari ya bango.

Bwana Salumu, mwenye karakana, alikuwa mtu wa haki lakini wa haraka. Mwaka mmoja aliamua kwamba banda letu limezeeka. Akatengenezesha bango kubwa la turubai Dar es Salaam, lenye picha ya mkulima mmoja anayezungusha mashine yetu. Lilikuwa refu kunizidi. Mkulima alivaa shati la kijani, mkono mmoja kwenye mpini, anacheka mdomo wazi, na kati ya meno yake ya mbele ana mwanya. Chini yake pameandikwa BANGUA KARANGA KWA RAHA, na namba za simu za karakana. Picha ilipigwa na kijana wa kukodi siku tuliyotembeza mashine vijijini huko Igunga. Baadaye kompyuta ya kijana yule iliharibika, kila kitu kikapotea. Likabaki bango peke yake.

Tulilipenda. Lilivuta watu kuliko maneno yangu. Kulwa, fundi niliyekuwa nasimama naye bandani baada ya Mzee Mihambo, alikuwa akilifungua asubuhi na kulisalimia: "Shemeji, za kuamka?" Tukamzoea hivyo, Shemeji. Wageni wakituuliza ni nani, tunawajibu ni mkulima wa Igunga. Jina lake hakuna aliyelijua.

Siku moja kabla ya kilele cha maonesho, mama mmoja alisimama mbele ya banda. Alikuwa wa makamo, kajifunga kanga mbili, viatu kavishika mkononi. Hakuitazama mashine. Alilitazama bango.

"Karibu dada, kaa," nikamwambia. "Umetoka wapi?"

"Choma."

"Choma ya Igunga? Mbali. Mvua zenu mwaka huu zilikuwaje?"

"Zilikuwepo." Hakukaa. "Huyu mlimpata wapi?"

Nikacheka. "Huyu? Huyu ni shemeji yetu sote hapa."

"Huyu ni mume wangu," akasema.

Kulwa akaacha kuzungusha. Mimi, nawaambia ukweli, nilifikiri tumeingia kwenye ugomvi wa watu. Mnajua wanaume wanaoaga kwamba wanakwenda kutafuta kibarua Mpanda, kisha wakaota mizizi huko na familia nyingine. Nikaona huyu ametoroka, na mke amemkuta kwetu anacheka. Nikamwambia kwa tahadhari, "Dada yangu, sisi hatujui aliko."

"Mimi najua aliko. Nilimzika."

Nikamshika mkono nikamkalisha.

Alikuwa anaitwa Minza, na mume wake alikuwa anaitwa Masanja. Ndipo nikalijua jina la Shemeji. Alishikwa na tumbo msimu wa kulima, njia imekatwa na maji, hawakuwahi hospitali. Nikamuuliza kama anayo picha yake. Akatikisa kichwa. Walikuwa nazo kwenye simu, na simu ilitumbukia kisimani. Kitambulisho chake kilikuwa na uso mdogo kama ukucha, nao umefutika.

"Siku mliyompiga hii alirudi nyumbani anacheka hivihivi," Minza akasema. "Akatuambia amepigwa picha na watu wa mjini, wamesema wataileta. Basi kila gari likikata kona kuja kwetu, anasema labda ni wao."

Kulwa alikuwa kijana wa vitendo. Akatoa simu, akalipiga picha bango, akakimbia kwenye kibanda cha kusafisha picha pale getini. Alirudi na picha inayotosha kiganja, nzuri kabisa. Minza aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama, akaipangusa kwa ncha ya kanga ingawa haikuwa na vumbi. "Asanteni," akasema. "Ngojeni nimlete mama yake."

Mama yake Masanja alikuwa amekaa getini na ndugu zao. Kilichowaleta Tabora hakikuwa maonesho, walimleta yeye hospitali kwa ajili ya macho. Alikuwa na presha ya macho. Moja lilikwisha kufa, na la pili lilikuwa linazima. Walifika uwanjani kwa sababu gari la wanakijiji wenzao lililokuja na mazao ya kuonesha ndilo lingewarudisha, na lingeondoka jioni ileile.

Alikuja akishikwa mkono, mama mfupi, mkavu, mwenye fimbo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Minza akampa ile picha. Mama akaigeuza, akaisogeza puani, akaielekeza juani. Akaigeuza tena. "Ni karatasi," akasema kwa Kiswahili, bila kinyongo, kama mtu anayetaja kitu alichopewa.

Basi Minza akamwongoza mpaka kwenye bango, akamwekea mkono juu yake. Mama akapapasa. Mkono ukaanzia kwenye mpini wa mashine, ukapanda kwenye shati, ukafika shingoni. Akaangusha fimbo. Akasogeza uso mpaka pua ikagusa turubai, akalitembeza lile jicho lake moja polepole, kidevu, mdomo, akasimama kwenye mwanya. Mwanya ule kwenye bango ulikuwa mpana kama kidole.

"Ng'wana wane," akasema. Hicho Kisukuma nakijua. Mwanangu.

Akaanza kumsemesha. Aliongea kwa sauti ya chini, muda mrefu, mara nyingine kama anagomba. Minza hakunitafsiria na mimi sikumuuliza. Watu wakaanza kukusanyika, wengine wakidhani ni maigizo ya kutangaza biashara. Mmoja akapaza sauti, "Mama, mashine bei gani?" Kulwa akamwendea, akamnong'oneza, yule bwana akavua kofia.

Hapo ndipo Bwana Salumu alipofika.

Msimwone mtu mbaya. Alimsalimia mama kwa heshima, akapewa habari yote, akasema pole ya kweli. Lakini kesho yake mgeni rasmi angepita kwenye mabanda. Viongozi wa vyama vya msingi vya wakulima wangekuwa nyuma yake, na wale ndio waliokuwa wanatafuta mashine za kununua kwa jumla. Banda bila bango lilikuwa nguzo tupu na vyuma. Akamwambia Minza, "Maonesho yakiisha, bango hili ni lenu. Nitalituma kwa basi mpaka Choma, juu yangu."

Mama akauliza kimesemwa nini. Minza akamweleza kwa Kisukuma. Mama akajibu maneno machache.

"Anasemaje?" akauliza Bwana Salumu.

Minza akatazama chini. "Anasema hata wale wa kwanza walisema wataleta."

Bwana Salumu akatazama saa yake, akatazama nguzo, akatazama watu. "Ni kesho tu, mama," akasema. "Kesho kutwa linapanda basi." Kisha akanivuta kando. "Bi Mwajuma, bango lisitoke hapa. Tumeelewana?" Akaenda kwenye kikao cha wenye mabanda.

Nilikaa kwenye benchi. Nilijua anamaanisha alichosema. Nilijua pia maonesho yakiisha tunakuwaje: tumechoka, vitu vinatupwa stoo vikiwa vimefungwa ovyo, kila mtu anasema atashughulikia Jumatatu. Yule kijana wa picha naye alimaanisha, siku ile aliyomwahidi Masanja. Hakuna aliyekusudia kumdanganya. Alisahauliwa tu, huku sisi tukimtazama kila siku.

Nikamuuliza Minza, "Daktari alisema nini juu ya hilo jicho?"

"Alisema kama kuna kitu mama anatamani kukiona, tusikicheleweshe."

Nikapanda juu ya benchi.

"Dada Mwaju," Kulwa akasema, "utafukuzwa."

"Shika upande huo."

"Nasema utafukuzwa, nami nitafukuzwa."

"Wewe utasema nilikuamuru. Shika kamba, lisije likachanika."

Tukalishusha. Mama alikuwa amesimama chini yetu ameinua mikono, kama mtu anayepokea mzigo kutoka juu ya gari. Tulilikunja vizuri, picha ndani, tukalifunga kwa kamba zake. Kulwa akataka kumbebea mpaka getini, akakataa. Kulwa akakuna kichwa, akasema, "Mama, chini hapo pana namba zetu za simu. Watu wasije wakaanza kuja kununua mashine kwako." Minza alipomtafsiria, mama alicheka, na alipocheka nikaona alikoutoa Masanja mwanya wake. Akajitwisha bango kichwani, Minza akamshika mkono, wakaenda.

Bwana Salumu aliporudi sikumngoja aulize. Nikamwambia nimelitoa mimi na Kulwa hana kosa.

Hakunipigia kelele. Alisimama akizitazama zile nguzo mbili, akasema taratibu, "Bi Mwajuma, wewe una huruma. Mimi nina mafundi kule karakana, na wao wana watoto. Kesho nikikosa oda, niwaambie nini?"

Lilikuwa swali halali, wanangu. Hata hivyo, ninachojua ni kwamba kama ingerudiwa, ningepanda benchi tena.

Kesho yake nilitundika kanga yangu kwenye nguzo, ile nzuri ya sikukuu, banda lisionekane uchi. Mgeni rasmi alipita na msafara wake, akatupungia mkono, akaendelea kwenye banda la pili lenye muziki. Viongozi wa vyama nao walikwenda huko. Oda ikaenda kwa wengine. Msinisikilize kwa kutegemea kwamba wema ule ulilipwa kwa mashine, haukulipwa. Mafundi walifanya kazi zamu fupi msimu ule, na baadhi yao hawakunisalimia kwa muda.

Mimi nikarudishwa kwenye rangi. Nilikwisha kuwa mtu mzima, nikashika tena brashi kama msichana. Iliniuma, tena sana. Maonesho yaliyofuata bandani alikaa binti mwenye kipaza sauti, na vijana wa kuandika namba za simu za kila anayepita. Walikuwa hodari, sikatai. Jioni walirudi na mamia ya namba, wakazipigia zote wiki iliyofuata. Nilimsikia mmoja anasema kwenye simu, "Samahani, wewe ni yule uliyekuja kwetu umevaa nini?" Mzee Mihambo angecheka mpaka akapaliwa na karanga.

Nasema haya, na simu siyo adui. Ni kwa simu Minza alinitafuta. Alikuwa akinipigia mara kwa mara, ananiambia mama mzima, karanga zimechipua, mama anakusalimu. Mara moja akaniambia, "Mama sasa haoni." Kisha akaniuliza mvua za Tabora.

Muda ukapita. Asubuhi moja Bwana Salumu akaja kwenye kibanda cha rangi, jambo ambalo hakuwa analifanya, akasimama mlangoni asichafue kanzu.

"Wale watu wa Choma," akasema, "una namba yao?"

"Ninayo."

"Nakwenda Igunga kupeleka mashine. Twende wote."

Sikumuuliza kwa nini. Tulipita Nzega. Tulipoiacha lami, ndipo akaongea huku akitazama nje. "Lile bango nililipia mimi, nikalichagulia rangi mimi. Juzi nikajaribu kumkumbuka yule mtu usoni. Nikashindwa. Nakumbuka maandishi tu."

Kwa Minza tulipokewa kama ndugu. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, safi, na karanga zimeanikwa uani. Ndani, bango lilichukua ukuta mzima wa sebule. Yale maandishi ya raha na namba za simu walikuwa wameyakunjia kwa nyuma, kwa hiyo alibaki Masanja peke yake anacheka, na mashine ilionekana kama kitu chake alichokuwa anakifanyia utani. Chini yake, kwenye kigoda, alikaa mama yake, ameegemeza mgongo kwenye turubai. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa yanatazama kitu.

"Ni nani?" akauliza.

"Ni mama aliyetupatia bango," Minza akamwambia. "Na mwenye bango."

Bwana Salumu akaketi chini, kwenye mkeka, na kanzu yake nyeupe. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, mimi ndiye niliyesema mngoje." Minza akatafsiri. Mama akainua mkono, kama mtu anayefukuza nzi, akaanza kusema, na Minza akatufuatishia kwa Kiswahili.

Alisema alimwona. Kila asubuhi jua likiingia mlangoni alimwona, mpaka wakati wa palizi. Halafu akaanza kuona rangi ya shati tu, halafu mwanga, halafu basi. Lakini alikuwa amekwisha kumaliza kumtazama, hakuna mahali alipoparuka. Akamuuliza Bwana Salumu, je, yeye ameiona kola?

"Kola, mama?"

"Upande wa kushoto. Ilichanika. Niliishona kwa uzi mweusi, sikuwa na wa kijani. Akanicheka, akasema shati langu umelitia ndevu."

Bwana Salumu akainuka, akasogea ukutani, akainama karibu kama alivyofanya mama siku ile uwanjani. Nami nikasogea. Ulikuwepo. Mshono wa uzi mweusi, mfupi, uliopinda. Miaka yote tumelikunja na kulikunjua lile bango, tumelipangusa vumbi, na Kulwa kulisalimia kila asubuhi, na hakuna mmoja wetu aliyeuona.

Akarudi kukaa. Akala karanga alizoandaliwa, akanywa chai. Tulipotaka kuaga, mama akanyosha mkono hewani mpaka akaupata wake, akaushika.

"Wewe una mama?" akamuuliza, kwa Kiswahili chake mwenyewe.

"Ninaye."

"Yuko wapi?"

"Yupo Tabora, Kanyenye."

"Anaona?"

"Anaona, mama. Macho yake ni mazima."

"Basi rudi nyumbani akuone."

Tulirudi jua likiwa bado lipo. Mwaka uliofuata Bwana Salumu alinirudisha bandani, akanipa na benchi jipya, na humo ndimo nilimomalizia kazi yangu. Lakini siyo hilo ninalolikumbuka zaidi. Nakumbuka jioni ile tuliporudi kutoka Choma. Dereva alikuwa anakata kona kuelekea karakana, kama tulivyozoea, maana Bwana Salumu hakuwahi kuingia mjini bila kupitia kazini kwanza. Akamgusa bega.

"Pitia Kanyenye. Nishushe kwa mama."

Akashuka, akavua viatu kizingitini, akabisha hodi. Mlango ulikuwa wazi, na mimi nilikuwa garini, nikasikia sauti ya kizee kutoka ndani.

"Nani?"

"Ni mimi mama. Salumu."

"Salumu? Siku ya kazi?" Tukasikia kiti kinasukumwa kwa haraka. "Kuna nini? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama," akasema. "Nimekuja tu."